Barafu Inayokimbia

Ukitaka kuijua nyumba iliyokufa, usitafute ugomvi. Sikiliza ni "samahani" ngapi zinasemwa humo kabla chai haijapoa.

Asubuhi hiyo, kwa dada na mdogo wake, zilikuwa nyingi. Mdogo mtu alitaka kupita kwenda kwenye sinki, akasema samahani. Dada mtu akasogea, naye akasema samahani kwa kuwa alikuwa njiani. Akamuuliza kama anataka sukari zaidi. Akajibiwa asante, inatosha, na wewe je? Akasema hata yeye inamtosha. Chai yenyewe haikuwa na sukari hata chembe. Ilikuwa imeisha tangu juzi, na kila mmoja alikuwa akiinywa chungu hivyohivyo kuliko kumsumbua mwenzake kwa kumwambia.

Dada alikuwa mtafiti wa fizikia kwenye taasisi moja mjini. Hakuolewa, na si kwa kukosa wachumba, bali kwa kukosa subira ya kuwasikiliza. Mdogo wake alikuwa fundi wa lifti, mwanamume mzima mwenye mabega mapana na mikono isiyoisha harufu ya grisi. Yeye alioa, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani na begi la nguo na begi la spana. Wakamuuguza mama yao pamoja mpaka alipofariki mwaka uliopita. Tangu hapo nyumba ilibaki na wao wawili tu.

Jumapili, wakiwa wanakula, mdogo mtu alikuwa ameweka kijiko chini akasema, "Dada, kampuni wanataka kunihamisha. Kuna tawi jipya, mji mwingine kabisa, safari ya siku nzima. Ni miaka kadhaa. Wanataka jibu kabla wiki haijaisha. Unaonaje?"

 Dada alitaka kusema usiende, utaniacha na nani humu ndani, nitasikiliza jokofu likinguruma mpaka lini. Maneno yote hayo yalikuwapo, yamepangana nyuma ya meno. Ila mdomo ulikuwa umeshazoea adabu, ukatoa kitu kingine.

"Uamuzi ni wako, mdogo wangu. Ukiona kuna faida, mimi nitafurahi."

Mdogo mtu alimtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. Kisha akasema, "Asante, dada," akainuka, akaosha vyombo vyote, hata sahani ambayo dada yake alikuwa bado anailia.

Hakuna aliyeligusa tena jambo hilo. Sasa ilikuwa Alhamisi. Dada alikuwa akisubiri aambiwe mdogo wake amejibu nini huko kazini. Alisubiri kwa uso mkunjufu, na ndani yake akiungua.

Kazini walimwita Bibi Wastani, na jina lilimkaa kama kofia ya saizi yake. Fizikia yake ilikuwa ile ya takwimu, inayochukua chembe ndogo ambazo hakuna jicho linaloziona na kutoka humo kupata mambo tunayoyashika kwa mkono: ugumu wa jiwe, ulaini wa siagi, joto la kikombe. Wageni wa taasisi walipenda kumuuliza maswali, naye alipenda kuwakatisha tamaa.

"Hii molekuli moja ina joto kiasi gani?" mgeni angeuliza.

"Haina."

"Yaani ni baridi?"

"Wala si baridi. Molekuli moja ina mwendo tu. Joto ni jambo la wengi. Chukua nyingi, zitetemeke, zigongane, zipokonyane mwendo, hii iipe ile, ile iipe hii. Hapo sasa ndipo unaweza kuzungumzia joto. Kwa wastani."

Kila jibu lake liliishia kwenye wastani. Ukimuuliza kama amekula mchana, alisema, "Kwa wastani, ndiyo," na maana yake ni kwamba jana alikula vizuri.

Mwaka huo kazi yake ilikuwa nta. Taasisi ilitaka kupata nta inayoyeyuka kwenye vuguvugu dogo, ambayo ikiyeyuka inalinyonya joto, ili ipangwe kwenye kuta za masanduku ya kubebea dawa na dawa zisiharibike njiani. Ghorofa ya chini kulikuwa na karakana ya kuipika nta hiyo kwenye sufuria. Yeye hakupika chochote. Yeye alitengeneza sanduku ndani ya kompyuta, akalijaza maelfu ya molekuli za nta, kila moja na mahali pake na mwendo wake. Kompyuta ilipiga hesabu nani anamsukuma nani, ikazisogeza zote kwa unywele, ikapiga hesabu tena, na tena, siku nzima. Mwisho wake angewaambia watu wa chini: nta hii itayeyuka kwenye joto fulani, msipoteze gesi yenu kupika ile.

Tatizo ni kwamba nta yake haikutaka kuyeyuka. Ile ya kwenye sufuria, ya aina hiyohiyo, iliyeyuka vizuri, watu wakaiona kwa macho yao. Ya kwenye sanduku lake aliipandishia joto, akapandisha tena, ikabaki ngumu.

"Kosa haliko kwenye joto," alisema mwenzake wa meza ya pili. Huyu aliitwa Grafu, maana hakuamini kitu chochote duniani ambacho hakijachorwa mstari. Alimgeuzia skrini. "Tazama mwenyewe. Joto lako limenyooka kama rula, tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nasema sufuria ndiyo inadanganya."

"Sufuria haijui kudanganya."

"Basi wapishi."

Sasa kuna desturi moja ya ofisi ile ambayo lazima niieleze, ijapokuwa inaniudhi. Hakuna aliyezitazama molekuli zenyewe. Programu ya kuzionyesha ilikuwapo, vitufe vya rangi, mipira midogo ya kuonyesha molekuli, vinacheza kwenye skrini, lakini hiyo ilifunguliwa siku za wageni tu, hasa wageni wenye pesa za utafiti. Mtu mwenye elimu yake alitazama wastani, alitazama mstari. Kutazama vitufe ilikuwa mambo ya watoto. Wakubwa wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hawa walikuwa na shahada za kutosha kupaka ukuta mzima, na kila siku waliusifu mlango.

Alhamisi hiyo, baada ya chakula cha mchana, Bibi Wastani alivifungua vitufe. Angependa tuamini aliongozwa na sayansi. Haikuwa hivyo. Alikuwa amechoka, nyumbani kwake hakuna kilichogusana na kingine kwa muda mrefu, akatamani tu kuona vitu vinavyogongana.

Havikuwa vinagongana. Vilikuwa vimejipanga safu kwa safu, vimetulia tuli, hakuna kimoja kinachotetemeka. Vilikuwa vimeganda. Na bonge zima lililoganda lilikuwa likikimbia kuelekea kulia. Katika masanduku ya namna ile, kinachotokea ukuta wa kulia huingia papo hapo kwa ukuta wa kushoto, ndiyo hila ya watafiti ya kulifanya sanduku lisiwe na mwisho. Kwa hiyo bonge lilitoka huku likaingia kule, likatoka likaingia, mbio kama limechelewa mahali. Vyote vilikuwa na mwendo mmoja na mwelekeo mmoja, kila kimoja pembeni mwa mwenzake bila kumfikia.

"Grafu," aliita. "Njoo."

Grafu alikuja bado anatafuna. Akainama, akaacha kutafuna. "Mbona zimeganda?"

"Mstari wako unasemaje?"

"Unasema kuna joto la kuunguza mkono."

Ilimchukua Bibi Wastani muda mfupi kuelewa. Ndani ya programu kulikuwa na kipande walichokiita askari. Kazi ya askari ilikuwa kulinda joto. Kila mara alijumlisha mwendo wote ndani ya sanduku, akagawanya, akapata wastani. Ukiwa umeshuka, alimwongezea kila mmoja kwa kiwango kilekile. Ukiwa umepanda, alimpunguzia kila mmoja vilevile. Askari huyu hakuuliza mwendo ni wa namna gani. Hakutofautisha molekuli inayotetemeka na kugongana na jirani yake na ile inayochukuliwa tu na msafara. Na kwa jinsi alivyokuwa akiongeza na kupunguza, kidogo kidogo, ule mtetemo wa kila mmoja ulikuwa ukihamia kwenye safari ya wote. Mwisho mtetemo ukafa kabisa, ukabaki msafara. Jumla ilikuwa ileile, wastani uleule, na mstari ulinyooka kama rula.

Dawa ya ugonjwa huo inajulikana. Ni mstari mmoja kwenye programu, unaousimamisha msafara kila mara ili mwendo utakaobaki uwe wa kila mmoja mwenyewe. Mstari huo ulikuwapo. Ulikuwa umezimwa, na aliyeuzima ni yeye. Aliuzima siku zile mama yao yu mahututi, yeye akifanyia kazi nyumbani kwenye kompyuta kuukuu inayohema, akajaribu kuipunguzia mzigo. Sikio moja lilikuwa chumba cha mgonjwa. Halafu mama akafa, na nani angekumbuka mstari?

Grafu alicheka mpaka akashika meza. "Barafu inayokimbia! Miezi yote hii tunapima joto la barafu inayokimbia! Na ilivyo na adabu, haijasumbua mtu!"

Naye Bibi Wastani alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka.

Hakuwa mtu wa kulinganisha nta na ndugu yake. Watu wanaotafuta mafunzo ya maisha kwenye sayansi aliwadharau waziwazi, hata kwenye mikutano. Lakini alibaki ameketi akilitazama bonge likitoka na kuingia, na hakuweza kuifunga ile picha. Jirani yao, mshonaji ambaye chumba chake kilipakana na jiko lao, alikuwa amemwambia juzijuzi, "Siku hizi nyumba yenu ina amani, jamani! Siwasikii kabisa." Naye akajibu asante. Alijibu asante, fikiria.

Enzi za mama hawakuwa hivyo. Waligombana kwa ajili ya redio, ya taulo, ya nani kamaliza sukari, ya begi la spana lililowekwa mezani kwenye chakula. Waligombana mpaka mama agonge ukuta kwa fimbo kutoka kitandani: "Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini nyinyi mtavunja kabati!" Nao wangecheka, hasira bado zimo usoni. Baada ya mazishi kila mmoja alimwona mwenzake kama kitu chenye ufa, akamshika kwa vidole viwili. Ikawa mazoea. Wakaamka, wakasema samahani, wakaenda kazini, wakarudi, wakasema samahani, wakalala. Kwa mtu wa nje walikwenda vizuri kabisa.

Hofu ilimshika hapo, hofu hasa. Mdogo wake angeondoka, na angeondoka kwa upole uleule, na yeye angemfungulia geti na kumtakia safari njema. Alizima skrini, akamwambia Grafu anaumwa kichwa, akaondoka.

Mdogo mtu alikuwa ameshatoka kazini. Alikuwa jikoni akifuta spana zake, begi liko mezani juu ya gazeti ili lisichafue. Njiani dada alikuwa amejaribu kuliweka neno sawa mdomoni, neno lenyewe dogo tu, usiende. Halikukubali. Mdomo wake ulikuwa umesahau kugombana na sasa ulikuwa umesahau hata kuomba. Akaona aanze na dogo.

"Hili begi linafanya nini mezani?"

"Samahani, dada. Naliondoa."

"Usiliondoe!"

Akasimama nalo mkononi, hajui aliweke wapi.

"Na hiyo redio yako," dada aliendelea, akitafuta pa kushika, "kelele zake…"

"Haijawashwa, dada."

"Basi iwashe!"

Akaiwasha, sauti ya chini, ya kunong'ona. Akamtazama dada yake kwa wasiwasi. "Unaumwa? Nikuletee maji?"

"Sitaki maji! Sukari imeisha! Tunakunywa chai chungu kama wafungwa na hakuna anayesema!"

"Nilidhani umeacha sukari. Sikutaka kukuuliza."

"Niulize! Kwani nina nini mimi, nitavunjika? Mbona Jumapili uliniuliza? Na mbona hukuuliza tena?"

Kitu kikapita kwenye uso wa mdogo mtu. Alilishusha begi polepole. "Jumapili ulinijibu."

"Nilikujibu nini?"

"Uamuzi ni wako. Kama unamwambia mpangaji."

"Ulitaka niseme nini? Wewe ni mtu mzima, una kazi yako…"

"Nilitaka unikataze!"

Alilipiga begi mezani, spana zikalia zote kwa pamoja. Sauti yake ilijaa jiko lote, na dada akagundua kwamba alikuwa ameisahau. Ilikuwa nzito, ya kifuani, yenye kukwaruza kidogo, kama ya baba yao.

"Nilikuuliza ili unikataze," alisema. "Mimi kule nataka nini? Simjui mtu. Nikasema moyoni, dada akitamka neno moja, akiguna tu, nabaki. Ukaniambia utafurahi. Utafurahi!"

"Nilidhani unataka kwenda!"

"Nani kakwambia?"

"Na mimi ningejuaje? Umekuwa mgeni humu ndani! Unaosha sahani yangu nikiwa bado nakula!"

"Na wewe unabisha hodi jikoni kwako! Unatembea kwa ncha za vidole kama mimi ndiye maiti!"

Neno hilo likafungua mengine. Dada alimuuliza alichokuwa hajawahi kumuuliza, siku mama anawatoka alikuwa wapi. Mdogo mtu akajibu kwamba dada anajua vizuri alikuwa wapi, alikuwa ananing'inia kwenye shimo la lifti iliyokwama na watu ndani yake wakilia, simu iko kwenye koti ghorofa ya juu. Na dada je, aliyekuwa chumba cha pili? Aliyekuwa na kompyuta yake?

"Aliniita," dada alisema. "Nikamwambia nakuja."

"Najua. Jirani alisikia, akaniambia."

"Muda wote huu unajua?"

"Ndiyo najua! Ndiyo maana nilikuwa naogopa kuongea! Niliona nikifungua mdomo tu hilo ndilo litakalotoka!"

"Basi limetoka!"

"Limetoka!"

Walikuwa wamesimama wakikaribiana kabisa, wanahema. Mlango ukagongwa, na sauti ya mshonaji ikauliza, "Jamani, kuna nini humo? Nije?"

"Hakuna kitu!" walijibu kwa pamoja, kwa ukali mmoja.

"Haya, mie simo. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema jirani, na mara cherehani yake ikasikika ikikimbia upande wa pili wa ukuta. Mdogo mtu aliguna. Dada akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika, na hakujua mwenyewe kama anacheka au analia.

Akavuta kiti, akaketi. Uso wake ulikuwa wa moto. Alijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya mwaka ule, akasema kwa wepesi, kama jambo limeisha, "Basi kesho nenda ukawaambie hapana. Ni Ijumaa, wiki bado."

Mdogo mtu alichukua spana moja, akaifuta upya.

"Umesikia?"

"Nilisaini Jumatatu, dada."

Redio ilikuwa bado inanong'ona. Dada alinyoosha mkono akaizima.

"Walikupa wiki nzima," dada alisema.

"Sikuona nasubiri nini. Na nafasi yangu ya hapa wameshampa mtu mwingine, ameshaanza kufundishwa." Alianza kurudisha spana kwenye begi, moja moja, bila kumtazama. "Gari linakuja Jumapili."

Maji yakimwagika hayazoleki. Dada alijua hesabu za mambo yasiyorudi kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, na hazikumsaidia kitu. Aliinuka akaenda chumbani, akaketi kitandani na viatu vyake miguuni.

Ijumaa aliingia kazini mapema, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa taasisi, akamweleza kosa na kwamba ni lake. Mkuu alikunja uso, akauliza kama linaweza kurekebishwa, akajibiwa ndiyo, akasema basi rekebisha. Ndivyo ilivyokuwa, si zaidi ya hapo. Kosa lililomla nusu mwaka lilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Aliuwasha ule mstari. Askari naye akamwachisha kazi, akaweka mwingine wa tabia tofauti, anayeikamata molekuli hii akaisukuma, akaiacha, akaikamata ile akaipunguza, bila mpango, kama mtu mchokozi sokoni. Kisha akazianzisha hesabu upya, na safari hii vitufe akaviacha wazi kwenye skrini. Kwa muda havikufanya chochote. Halafu kimoja kikatikisika, kikamgonga jirani yake, jirani akamgonga mwingine. Safu zikaanza kupinda.

Grafu alikuja na kiti chake. "Mbona sasa mstari wa joto unatetemeka? Ulikuwa umenyooka vizuri."

"Joto la kweli ndivyo lilivyo. Chembe zikiwa hai, wastani wenyewe hautulii."

Waliketi wakitazama. Mchana safu zilipasuka, vitufe vikaanza kupitana na kusukumana, na nta ikayeyuka karibu kabisa na pale iliposema sufuria. Grafu alipiga makofi, akaenda chini kuwapa wapishi habari na kuwaomba radhi. Bibi Wastani alibaki. Lilikuwa jibu zuri, la kuandikiwa makala, na kitu cha kwanza alichowaza ni kwamba wiki ijayo atakuwa na habari njema kama hizi na hakutakuwa na mtu wa kumsimulia akiwa anavua viatu mlangoni. Akainamisha kichwa kwenye meza. Wenzake walidhani ni uchovu.

Jumamosi waligombana siku nzima. Waligombana kuhusu blanketi, kwamba ni la nani hasa. Waligombana kuhusu sufuria kubwa, ambayo mdogo mtu hakuitaka na dada aliirudisha kwenye mizigo kila alipogeuza mgongo. Dada alimwambia anakunja mashati kama matambara. Akaambiwa ayakunje mwenyewe, akayakunja, akaambiwa anayabana mno. Walikula wakibishana, mdomo umejaa. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote walizokaa pamoja tangu msiba, na wote wawili walilijua hilo, nalo likawazidishia hasira.

Gari lilikuja Jumapili asubuhi, pikapu ya kampuni, dereva mpole asiye na maneno mengi. Kitanda kilifungwa kwa kamba, masanduku yakapangwa. Jirani mshonaji alitoka kusimama kizingitini mwake, mikono kifuani. Mdogo mtu alipanda mbele, akafunga mlango, akateremsha kioo.

Dada alikuja mpaka dirishani. Mkataba ulikuwa umesainiwa, nafasi ilikuwa na mtu, kitanda kiko juu ya gari. Hakuna kitu ambacho neno lingekibadilisha sasa. Alilisema.

"Usiende."

Dereva aliukazia macho usukani. Mdogo mtu aligeuka, uso umemvimba, macho mekundu. "Sasa ndiyo unasema? Sasa?"

"Ndiyo, sasa. Usiende. Sitaki uende. Nitabaki na nani?"

"Dada, wewe ni mtu mbaya sana," alisema, na sauti ikamkatika. Akatoa mkono dirishani, ule mkono mkubwa wa grisi, akaukamata wa dada yake, akaubana kwa nguvu zake zote mpaka mifupa ikalia. Dada hakuuvuta. Dereva akawasha gari, likaanza kwenda, na mdogo mtu hakuuachia mpaka dada alipolazimika kupiga hatua za mbio.

Vidole vilimuuma asubuhi hiyo yote. Viliuma alipofunga geti, viliuma alipofagia chumba kilichobaki kitupu. Kuelekea jioni alijaribu kukunja ngumi pale jikoni, akakuta maumivu yameanza kwisha. Hapo ndipo alipolia.